Ukaazi wa kudumu Kanada kwa uzoefu wa kazi: tumeipima Canadian Experience Class kwa macho ya Unguja na Pemba

Liwekwe wazi jambo moja kabla ya mengine. Mtu aliyeko Mwanakwerekwe au Chake Chake ambaye hajafanya kazi Kanada hata siku moja hawezi kuomba kwa njia hii. Awe na shahada mbili, awe na fedha benki, awe na ndugu Toronto, bado hawezi. Canadian Experience Class, ambayo wengi huiita CEC, ni mlango wa waliokwisha kuingia nchini humo kwa kibali halali na wakafanya kazi ya ujuzi. Anayekuuzia CEC wewe uliye hapa Darajani na hujawahi kuvuka anakuuzia upepo.

Kwa aliyekwisha kufanya kazi kule, hukumu yetu ni nyota tatu na nusu kati ya tano. Masharti yameandikwa hadharani, ada inajulikana, na maombi mtu anaweza kuyajaza mwenyewe bila wakala. Nyota moja na nusu tumeikata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ushindani wa alama, ambao umepanda hadi kutimiza masharti peke yake hakumfikishi mtu popote. Ya pili ni kwamba huduma hii haipimi kazi uliyofanya, inapima karatasi zinazosema umefanya kazi. Wazanzibari wengi wanaoanguka wamefanya kazi kwelikweli, lakini karatasi zao zinasema jambo jengine.

Njia hii ilianza mwaka 2008. Tangu Januari 2015 imo ndani ya mfumo wa Express Entry, ambamo mtu hufungua wasifu mtandaoni, hupewa alama, na wenye alama za juu hualikwa kuomba. Humo imo pamoja na njia ya wafanyakazi wa ujuzi na ile ya mafundi.

Saa 1,560, na jinsi watu wanavyozihesabu vibaya

Sharti la msingi ni mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi ndani ya Kanada, yaani saa 1,560, katika miaka mitatu iliyotangulia siku ya kuomba. Hesabu ni saa 30 kwa wiki kwa miezi 12, au saa 15 kwa wiki kwa miezi 24. Unaweza kuunganisha kazi mbili za nusu siku zikakupa 30.

Kosa linalorudiwa ni la mtu anayefanya saa 40 au 50 kwa wiki. Akipiga hesabu anaona amefikisha 1,560 ndani ya miezi tisa, anaomba, anakataliwa. Saa zinazozidi 30 katika wiki moja hazihesabiwi. Ufanye usiku na mchana, mwaka lazima utimie. Likizo ya kawaida ya wiki mbili haikuharibii, ila ukirudi nyumbani miezi miwili bila mshahara, miezi hiyo miwili uifidie.

Kuna saa ambazo hazihesabiwi kabisa hata zikiwa elfu. Kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haihesabiwi, ikiwa ni pamoja na mafunzo ya kazini yaliyo sehemu ya masomo. Kujiajiri hakuhesabiwi, na hapa wengi hukwama, maana muajiri huwaambia "wewe ni mkandarasi, utajilipia kodi mwenyewe". Kama kazi yako inalipwa kwa ankara na hupati fomu ya mshahara na makato ya kodi, yaani T4, mwisho wa mwaka, lizungumze na muajiri mwezi wa kwanza, usingoje wa kumi na mbili. Kazi bila kibali haihesabiwi. Wala haihesabiwi kazi uliyofanya ukiwa mwomba hifadhi, hata kama ulikuwa na kibali cha kazi mkononi, kwa sababu sheria inataka uwe na hadhi ya mkaazi wa muda wakati wote wa kazi hiyo.

Jambo zuri ambalo halisemwi sana: si lazima uwe bado kazini siku ya kuomba, wala si lazima uwe Kanada. Aliyefanya kazi miezi kumi na minane katika hoteli ya milimani kule Alberta, kibali kikaisha akarudi Paje, bado anaweza kuomba akiwa Paje, mradi mwaka wake mmoja uko ndani ya ile miaka mitatu. Kila mwezi anaokaa bila kuomba unakula mwezi mmoja wa uzoefu wake kutoka nyuma.

Kazi ipi ni ya ujuzi: mchele mmoja mapishi mengi

Kanada ina orodha ya kazi zote, inaitwa NOC, na toleo linalotumika tangu Novemba 2022 lina tarakimu tano kwa kila kazi. Tarakimu ya pili ndiyo ya kuangalia, kwani inaonyesha daraja, linaloitwa TEER. Daraja 0, 1, 2 na 3 zinakubaliwa na CEC. Daraja 4 na 5 hazikubaliwi.

Chukua jikoni na hotelini, ambako vijana wetu wengi wana ujuzi tangu Nungwi na Kiwengwa. Mpishi ni 63200, daraja la 3, anapita. Msaidizi wa jikoni anayeosha vyombo, kumenya na kukatakata ni 65201, daraja la 5, hapiti. Mhudumu wa meza ni 65200, hapiti. Msimamizi wa wahudumu ni 62020, daraja la 2, anapita. Mtu wa mapokezi hotelini ni 64314, daraja la 4, hapiti, na hili huwauma wengi kwa sababu huku kwetu mapokezi ni kazi ya heshima yenye lugha tatu. Akipandishwa kuwa msimamizi wa kitengo, 62022, anapita.

Kwa wanaolea wagonjwa: msaidizi wa muuguzi hospitalini au katika nyumba ya wazee ni 33102, daraja la 3. Anayefanya kazi karibu ile ile lakini nyumbani kwa mgonjwa ni 44101, daraja la 4. Dereva wa lori la masafa marefu ni 73300, anapita; dereva wa teksi au wa kusambaza vifurushi hapiti. Seremala wa ujenzi 72310 anapita. Kibarua anayemshikia mbao ni 75110, hapiti.

Sasa ndipo penye mtego. Afisa haangalii jina la cheo. Anachukua barua ya muajiri, anachukua maelezo ya kazi hiyo katika orodha, anaviweka pamoja. Majukumu yako lazima yafanane na maelezo ya ufunguzi wa kazi hiyo na sehemu kubwa ya majukumu yake makuu. Umeitwa "mpishi" kwenye mkataba, lakini barua inasema unaosha sahani, unapokea mizigo na kusaidia kukatakata: wewe ni 65201. Umeitwa "mhudumu" lakini unapanga zamu, unafundisha wapya na kufunga hesabu ya usiku: muombe muajiri aliandike hilo kabla hujaondoka, maana ndilo lililo kweli.

Barua yenyewe iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya kampuni, isainiwe na msimamizi au ofisi ya utumishi, na itaje: jina lako, vyeo vyote ulivyoshika, tarehe za kuanza na kumaliza kila kimoja, majukumu, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu. Saa kwa wiki ndizo zinazosahaulika mara nyingi kuliko kitu chengine chochote. Barua isemayo tu "alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi" ni nzuri ya kutundika ukutani. Ongezea T4, barua ya tathmini ya kodi na vipande vya mshahara. Kampuni ndogo hufungwa na mameneja huhama, kwa hiyo barua ichukuliwe siku ya kuacha kazi.

Muajiri akikataa kuandika majukumu, andika mwenyewe maelezo, yathibitishwe na mwenzako wa kazini au msimamizi wa zamani kwa kiapo, uambatanishe mkataba na barua uliyomwandikia muajiri kuomba. Si dawa ya uhakika, ila ni bora kuliko pengo.

Lugha: mtihani wa Kiingereza ndio unaoamua zaidi ya mshahara

Wa daraja la 0 na 1 wanatakiwa kiwango cha 7 cha lugha kwa kipimo cha Kanada, CLB. Wa daraja la 2 na 3 wanatakiwa CLB 5. Kwa mtihani wa IELTS, CLB 7 ni 6.0 katika kila sehemu nne. CLB 5 ni 5.0 kusikiliza, 4.0 kusoma, 5.0 kuandika, 5.0 kuzungumza. Lazima iwe IELTS General Training. Aliyefanya Academic kwa ajili ya chuo ametupa fedha kwa upande huu. CELPIP General na PTE Core nazo zinakubaliwa. Matokeo yanaishi miaka miwili, na lazima yawe hai siku ya kupeleka maombi, si siku ya kufungua wasifu tu.

Hicho ni kima cha kuingia uwanjani. Kushinda ni jambo jengine. Chukua mtu wa miaka 29, hajaoa, ana shahada ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyotathminiwa kwa kipimo cha Kanada, ana mwaka mmoja wa kazi Kanada na aliwahi kufundisha skuli Unguja miaka mitatu. Akipata CLB 7 kote, ana alama 414. Mtu huyo huyo, kazi ile ile, umri ule ule, akipata CLB 9 ana 482. Alama 68 kwa mtihani wa asubuhi moja. Akikaa mwaka wa pili kazini, bado akiwa na 29, anafika 507.

CLB 9 kwa IELTS ni 8.0 kusikiliza na 7.0 katika sehemu tatu zilizobaki. Watu husoma "saba" wakasahau nane ya kusikiliza. Tena zawadi kamili za nyongeza, zile za kuunganisha lugha na elimu au uzoefu wa kazi, hutolewa ukiwa na CLB 9 katika sehemu zote nne. Yule wa 482 akipata 6.5 katika kusoma peke yake anashuka hadi 462. Kurudia mtihani kunaruhusiwa, na kwa walio wengi ndiyo matumizi bora ya fedha katika safari nzima hii.

Umri nao hula. Miaka 20 hadi 29 hupewa alama 110 kwa asiye na mwenza, miaka 35 ni 77, miaka 40 ni 50, miaka 45 ni sifuri. Zawadi ya alama kwa kuwa na ofa ya kazi ilifutwa tarehe 25 Machi 2025, kwa hiyo atakayekudai fedha akakuahidi "alama 50 za ofa" anauza bidhaa iliyokwisha muda.

Alama zinatosha?

Hapa ndipo tulipokata nyota. Serikali ya Kanada huita watu kwa droo, na kila droo ina alama yake ya chini. Tarehe 13 Februari 2021, wakati wa korona, walialikwa watu 27,332 wa CEC na alama ya chini ilikuwa 75. Watu bado wanasimuliana habari hiyo kana kwamba itarudi wiki ijayo. Mwaka 2025 droo za CEC zilikaa juu ya 510. Maana yake yule mwalimu wetu mwenye 507, aliyefanya kila kitu sawa, hakualikwa.

Atapata wapi za ziada? Njia tatu zina uzito.

Aliyesoma Kanada. Akiwa na shahada yake ya Zanzibar na akaongeza stashahada ya miaka miwili kule, anahesabiwa kuwa na vyeti viwili. Umri 29, CLB 9, mwaka mmoja wa kazi baada ya masomo, miaka mitatu ya kazi nyumbani: 517. Lakini hizo hupatikana tu ikiwa shahada ya nyumbani imetathminiwa. Wengi hudhani cheti cha Kanada kinatosha, wanaiacha ya SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu au Al-Sumait kabatini, na wanapoteza alama ambazo tayari ni zao. Tathmini hufanywa na mashirika yaliyoteuliwa kama WES. Chuo kinatakiwa kipeleke nakala za matokeo moja kwa moja kwa shirika. Bahasha ukiifungua wewe, imekufa. Tathmini huishi miaka mitano.

Kuteuliwa na jimbo hukupa alama 600, na hapo habari ya droo imekwisha. Kila jimbo lina masharti yake, hatutayafungua hapa.

Ya tatu ni Kifaransa, na kwa Zanzibar hili linastahili kusemwa kwa sauti. Mji Mkongwe umejaa watembezaji watalii wanaozungumza Kifaransa tangu ujana wao, wakifungua biashara asubuhi na kufunga Forodhani usiku, na hakuna aliyewaambia kwamba ulimi huo una bei. Mwenye kiwango cha 7 cha Kifaransa katika sehemu zote nne, pamoja na Kiingereza cha CLB 5, anaongezewa alama 50. Zaidi ya hapo kuna droo za wenye Kifaransa peke yao. Ile ya tarehe 21 Machi 2025 ilishuka hadi 379. Mitihani inayotambuliwa ni TEF Canada na TCF Canada. Kinachowaangusha watembezaji si kuzungumza, ni kuandika, kwa sababu lugha ya barazani haina imla. Miezi sita ya kuandika ingewatosha wengi. Kiitaliano, kwa bahati mbaya, hakina alama hata moja, na pole kwa watu wa Kiwengwa.

Ndoa, talaka na watoto

Mwenye mwenza anayefuatana naye hupimwa kwa jedwali jengine, ambalo vipengele vyake binafsi ni vidogo na pengo hujazwa na mwenza. Mtu wa miaka 29 mwenye shahada, CLB 9 na mwaka mmoja hupata 394 kwa vipengele hivyo akiwa peke yake, na 363 akiwa na mwenza. Mke mwenye shahada na CLB 7 hurudisha 20. Mke asiyefanya mtihani wala kutathminiwa cheti hurudisha sifuri. Kwa hiyo mtihani wa mke si anasa.

Ndoa za mbali ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Tangu Juni 2015 Kanada haimtambui mwenza wa ndoa iliyofungwa kwa simu, kwa intaneti au kwa uwakala, ambapo mmoja hakuwepo kimwili. Bwana yuko Ottawa, wakili wake anamfungia nikaha Wete, arusi inapigwa, cheti cha Kadhi kinatolewa kihalali kabisa kwa sheria ya hapa, lakini kwa macho ya afisa wa Kanada huyo si mke wa kuingizwa kwenye maombi. Kwa wasioweza kungoja, tiketi ya ndege ni rahisi kuliko miaka ya kuandikiana barua. Hata arusi ya kawaida ya kwetu, ambapo nikaha hufungwa msikitini na bibi harusi yuko ndani kwao, inafaa iambatane na maelezo mafupi ya mila, picha na majina ya mashahidi.

Mke wa pili haingii. Talaka ya maneno isiyo na karatasi haihesabiki kuwa talaka. Tafuta hati kwa Kadhi kabla hujajiandika "mtalaka". Mtoto wa ndugu unayemlea tangu mdogo si tegemezi wako kwa sheria yao, hata kama anakuita baba. Mtoto tegemezi ni wa kuzaa au wa kuasili kisheria, chini ya miaka 22, hajaoa wala hajaolewa.

Na kila mke na kila mtoto wa kuzaa atajwe, hata asiyesafiri, hata aliyezaliwa nje ya ndoa na ambaye familia haimzungumzii. Asiyetajwa na kupimwa afya sasa hutaweza kumdhamini baadaye kwa njia ya kawaida. Kuficha kwa makusudi kunahesabika ni udanganyifu, na adhabu yake ni kufungiwa miaka mitano.

Karatasi za nyumbani

Jina kwanza. Khamis na Hamis, Mohammed na Mohamed, Aly na Ali, jina la babu lipo kwenye pasi na halipo kwenye shahada: mfumo wao unaona watu wawili. Sawazisha kwa kiapo cha majina, na kila karatasi mpya ifuate pasi herufi kwa herufi.

Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. RITA ni ya Bara, usipoteze safari. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu kifasiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa na mfasiri aliyethibitishwa, au mfasiri mwengine mwenye kiapo. Wewe mwenyewe, ndugu yako au wakala wako hamruhusiwi kufasiri, hata ukiwa mwalimu wa lugha.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita, isipokuwa Kanada. Hapa ndipo Muscat na Dubai zinapoibuka. Wengi wa watu wetu wamepitia huko, na kila aliyekaa miezi sita lazima atafute cheti cha huko. Anza na hicho, kwa sababu utapata siku 60 tu za kukamilisha maombi baada ya mwaliko, na siku 60 hazitoshi kuandikiana na nchi uliyoiacha miaka saba nyuma. Cheti cha nchi unayoishi sasa kisizidi miezi sita tangu kitolewe.

Tangu Agosti 2025 uchunguzi wa afya hufanywa kabla ya kupeleka maombi, kwa daktari aliye kwenye orodha yao, si daktari wako wa siku zote. Familia iliyoko nyumbani itavuka kwenda Dar es Salaam kwa alama za vidole. Safari ya vidole ipange barua ya maelekezo ikitoka, baada ya kupeleka maombi. Boti ya saa moja asubuhi kutoka Malindi inakufikisha mapema, ila usiweke miadi ya asubuhi hiyo hiyo wakati wa kusi.

Ada na mfumo wa mtandaoni

Kufungua wasifu ni bure. Kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024, muombaji alilipa dola za Kanada 950 za maombi na 575 za haki ya ukaazi, jumla 1,525. Mwenza vivyo hivyo. Mtoto 260. Alama za vidole 85 kwa mtu mmoja, 170 kwa familia. Baba, mama na watoto wawili: 3,740. Mtihani wa lugha, tathmini, daktari, polisi na mfasiri ni mbali. Ada hupandishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo angalia ukurasa wao rasmi siku unayolipa. Ada ya haki ya ukaazi hurudishwa ukikataliwa, nyengine hazirudi. CEC haidai uthibitisho wa akiba benki, na hii ni nafuu kubwa. Wakati mwengine mfumo bado unafungua nafasi ya kuupandisha. Weka barua fupi isemayo umealikwa kwa CEC na sharti hilo halikuhusu.

Mfumo wenyewe ni mkavu lakini unafanya kazi. Kila nafasi hupokea faili moja tu lisilozidi megabaiti 4, kwa hiyo barua, T4 na vipande vya mshahara wa muajiri mmoja viunganishwe faili moja na kubanwa. Historia ya miaka kumi isiwe na pengo hata la mwezi mmoja: ulikaa tu nyumbani Jambiani, andika hukuwa na kazi, Jambiani. Wasifu huishi miezi 12. Mwaliko usiouweza uukatae, utarudi kwenye kundi. Ukiuacha siku 60 zipite, wasifu unaondoka na utaanza upya.

Kiwango chao cha huduma ni miezi sita baada ya kupeleka. Kibali cha kazi kikikaribia kuisha katikati, omba kibali cha kuunganisha (bridging open work permit), dola 255, kabla cha zamani hakijakufa.

Kuhusu mawakala: anayelipwa kwa kukuwakilisha lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao cha washauri wa uhamiaji, na jina lake linatafutika kwenye daftari la wazi. Muulize namba yake ya usajili kabla ya bei. Akisema jina lako lisionekane kwenye fomu ya uwakilishi, au akitaka awe na nywila ya akaunti yako peke yake, ondoka.

Ukikubaliwa, pasi yako ya Tanzania inabaki yako, kwa kuwa ukaazi si uraia. Ni uraia wa Kanada, unaoweza kuombwa baada ya kukaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano, ndio utakaokutoa kwenye wa Tanzania. Kuushika ukaazi kunataka siku 730 ndani ya Kanada katika kila miaka mitano. Kadi hutumwa kwenye anwani ya Kanada tu. Anayetamani kuja kufungua Ramadhani nyumbani wiki moja baada ya kukubaliwa asubiri kadi imfike kwanza, la sivyo shirika la ndege halitamrudisha mpaka alipie dola 50 za hati ya safari ya mkaazi na kuingoja Unguja.